Mafuta ya Kup

Mzee Toboa alistaafu kazi ya kukagua tiketi za treni akiwa na afya njema, macho makali, na koleo la kutobolea tiketi ambalo wakubwa wake walimwachia kama zawadi ya kuagana. Wangempa saa ya ukutani kama walivyowapa wenzake, mkewe angepumzika. Mtu ametoboa tiketi miaka thelathini na mmoja, halafu unamwachia koleo lake mfukoni. Unategemea atafanya nini? Jina la Toboa lilitoka naye kazini, na vijana wa mtaani walilipokea kwa furaha, kwa kuwa kwao kutoboa ni kufanikiwa maishani. "Huyo ndiye mzee aliyetoboa," walisema akipita, na yeye, ambaye pensheni yake haikuwahi kuiona tarehe ishirini, aliwapungia mkono kama tajiri.

Baada ya tiketi zikaja risiti. Mwaka ule wa kwanza wa kustaafu, mkewe alirudi kutoka dukani na mche mmoja wa sabuni uliolipiwa mara mbili. Mzee aliitazama karatasi, akaitazama sabuni, akavaa viatu. Alirudi na chenji yake mkononi na uso wa mtu aliyepandishwa cheo. Tangu siku hiyo hakuna risiti iliyoingia nyumba ile bila kupita mbele yake.

Ukaguzi wenyewe haukuwa wa kutupia macho tu. Kila Jumamosi asubuhi alikwenda kwenye duka kubwa la njia panda, penseli nyuma ya sikio, kijidaftari mkononi, na hakuweka kitu kwenye kikapu kabla ya kuandika bei yake kama ilivyobandikwa kwenye rafu. Akisimama mbele ya chumvi, wenye toroli wote waliingoja chumvi. Nyumbani alikaa mezani upande wa dirisha, mkewe akakaa upande wa jikoni na kikapu. Yeye alisoma, mkewe alinyanyua.

"Unga wa ngano!"

"Yupo, mwalimu."

"Sabuni ya kuf!"

"Yupo."

"Karatasi za c!"

"Za nini?"

"Nasoma kilichoandikwa. Karatasi za c."

"Zipo, na c yake yote."

Mashine mpya za dukani ndivyo zilivyokuwa. Zililetwa miezi minne nyuma, na zilikuwa na nafasi ya herufi kumi na tatu tu kwa jina la kitu, ukihesabu na mapengo. Unga wa ngano ulibahatika, ukaingia mzima. Wengine walikatwa shingo. Mkewe alizipenda kwa ajili hiyo, alisema zimeleta kichekesho ndani ya nyumba.

Bei ikilingana na ile ya kijidaftarini, mzee aliutoboa mstari huo ubavuni kushoto, kwach! Hapo kushoto palikuwa na vinamba vidogo vya mashine ambavyo yeye hakuwa na shughuli navyo. Risiti yote ikiwa sawa, ilitoka na matundu kutoka juu hadi chini na kuingia kwenye boksi la viatu. Ikiwa na kosa hata moja, haikuguswa na koleo. Hiyo sasa iliitwa kesi, na kesi ilirudishwa dukani ikiwa nzima, ikaandikwa kwenye kitabu cha malalamiko, mzee akarudishiwa pesa yake na karatasi yake.

Kesi zote zilianzia kaunta namba mbili. Pale alikaa keshia mmoja, binti mwenye vidole vyepesi na kikombe cha maji kilichofunikwa na sahani, ambaye alimwona mzee tangu mlangoni.

"Shikamoo, babu. Leo umeniletea jinai au madai?"

"Marahaba. Leo nimeleta kiberiti kilichozaa mapacha."

"Mungu wangu, kweli nimekipitisha mara mbili! Samahani, babu. Na goti la bibi?"

"Bibi yako na goti lake hawajambo. Usinitoe kwenye kiberiti."

Walipendana kwa namna hiyo. Hata kaunta nyingine zikiwa wazi, mzee alipanga foleni ile ile, watu sita mbele yake, akiwa amekunja uso kwa raha zake. "Kama si umri," mkewe alisema, "ningedhani una mke mdogo pale." Mzee alijibu kwamba anamfuatilia. Alisema binti ana mkono mrefu yule, lazima achungwe. Alilisema kwa kucheka, na mkewe hakucheka.

Jumamosi moja akafika na hakumkuta. Kaunta namba mbili ilikuwa na mtu mwingine, kikombe hakipo. Kabla hajauliza, meneja alitoka ofisini akamshika mkono kwa mikono miwili, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku moja.

"Mzee wangu, nilitaka kukushukuru. Wewe ndiye uliyetufumbua macho."

"Macho gani?"

"Yule binti. Tumehesabu vyakula kwa kushtukiza. Mafuta ya kupikia, chupa tisini na nne hazipo rafuni, hazipo stoo, wala hazikuuzwa. Tungemshuku nani? Nikafungua kitabu cha malalamiko. Mara saba, mzee! Mara saba umemlalamikia wewe peke yako. Mwizi huanza na vidogo hivyo hivyo." Akapunguza sauti. "Jumatatu saa nne anakuja kusaini kwamba amechukua, aondoke, alipe kidogo kidogo. Asiposaini, ni polisi."

Mzee Toboa alinunua chumvi bila kuandika bei yake.

Nyumbani alimsimulia mkewe akiwa bado amesimama mlangoni. Alijaribu kulisimulia kama habari njema, kwa sauti ya mtu aliyesaidia kukamata mwizi, lakini katikati sauti ilimwisha.

"Meneja amekupaka mafuta kwa mgongo wa chupa," mkewe alisema. "Na wewe umejifuta?"

"Nimesema nini mimi? Sijasema chochote."

"Hukusema ana mkono mrefu?"

"Nilitania."

"Kwenye kitabu chao uliandika kwamba unatania?"

Chakula kilikuja na kurudi jikoni. Mzee alikuwa na aibu, na aibu ya mtu aliyezoea kuwa na haki ni mbaya, haijui ikae wapi. Alikwenda uani, akarudi. Alifungua redio, akaizima. Jumapili alasiri mkewe alichoka kumtazama akizunguka, akaliteremsha boksi la viatu kutoka juu ya kabati na kulitua mezani.

"Una kesi saba. Sijawahi kuona mkaguzi anayehukumu bila kufungua faili. Kaa."

Akakaa. Akazitoa zile saba, ambazo zilikuwa zimefungwa kwa mpira peke yake. Alisoma kosa la kila moja, na kila mara mkewe aliuliza swali moja tu: kosa la nani? Nne zilikuwa za bei za zamani zilizosahauliwa rafuni, na kubandika bei si kazi ya keshia. Moja ilikuwa ya punguzo ambalo meneja alilitangaza kwa bango kubwa akasahau kuliingiza kwenye mashine. Moja ilikuwa ya kiberiti, hiyo kweli ya binti, naye aliikubali papo hapo akicheka. Na ya mwisho, ya sukari, ilikuwa ya siku binti alipokwenda kliniki na meneja mwenyewe akakaa kaunta namba mbili akijifuta jasho. Kitabuni, meneja huyo huyo aliandika kwa mkono wake: kosa la keshia.

"Loo!" mkewe alisema. "Ana uso mkavu huyo."

Mazoea ni mazoea; mzee alikuwa ameanza kuisoma risiti yote kwa sauti, mstari kwa mstari, na mkewe, kwa mazoea yale yale, akawa anaitikia ingawa kikapu hakikuwepo.

"Mafuta ya kup!"

Mkewe aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na chupa ya mafuta yake ya kupaka, akaitua mezani. "Yupo."

"Siyo hayo. Ya kupikia."

"Imeandikwa wapi?"

"Hapa. Mafuta ya kup."

"Kupikia ni kup. Kupaka nako ni kup. Umeomba kup, nimekuletea kup."

Alisema hivyo kumchekesha tu, kwa kuwa tangu jana yake hakuwa amemwona akicheka. Lakini mzee alikuwa ameganda na kidole kwenye karatasi. Aliitazama chupa ya kupaka, akamwambia mkewe alete na ile ya jikoni. Zilikuwa chupa za aina moja, zenye kifuniko kimoja, maana duka lilinunua mafuta yote mawili kwa mapipa na kuyajaza lenyewe. Hazikuwa na ile mistari ya kusomwa na mashine. Keshia aliyaandika kwa kugusa jina kwenye kioo cha mashine. Na bei ya chupa ilikuwa moja, haikupishana hata senti.

Akazipanga zile saba upya. Tano zilikuwa na mafuta, na mara zote tano wao walinunua ya kupikia. Zote ziliandikwa MAFUTA YA KUP, bei ile ile. Sasa, kwa mara ya kwanza maishani mwake, Mzee Toboa alisoma kinamba cha kushoto. Kwenye risiti nne za binti kilikuwa mia mbili na sita. Kwenye ile moja ya meneja kilikuwa mia mbili na saba.

"Kuna majina mawili," alisema polepole. "Kwenye kioo chao yako mawili, na yanafanana. Binti anagusa la juu. Meneja ndiye aliyeyaingiza, yeye anajua la chini ndilo la kupikia. Mke wangu, mtoto huyu ameuza kila chupa. Ameiuza kwa jina la mwenzake tu!"

Akalivuta boksi atafute ushahidi zaidi. Risiti za miezi minne zilikuwa mle, na kila mahali penye mafuta, kushoto, pale pale penye kinamba, palikuwa na tundu safi la koleo lake. Alichukua nyingine. Tundu. Nyingine. Tundu. Koleo lilikuwa limekula namba zote, na lisingekula kama mwenye koleo asingekuwa na uhakika.

Akaziacha zianguke mezani.

"Nimezitoboa. Kila wiki nilisoma kosa hili kwa sauti, nikasema sawa."

"Bei ilikuwa sawa, baba."

"Bei yangu ilikuwa sawa," mzee alisema.

Mkewe alimwekea mkono begani, akauacha.

Jumatatu saa nne kasoro robo Mzee Toboa alikuwa mlangoni pa ofisi ya meneja, amevaa koti la kazini lililokuwa halifungi tena tumboni. Ofisi ilikuwa nyuma ya stoo, chumba chembamba chenye feni na maboksi hadi darini. Binti alikuwa amekaa kwenye kreti, amevaa gauni la kwenda mahali pa heshima, mikono mapajani. Karatasi ilikuwa mezani, na kalamu juu yake. Alipomwona mzee aligeuza uso ukutani. Hakukuwa na shikamoo.

"Karibu, mzee," meneja alisema. "Umekuja kushuhudia?"

"Nimekuja kulalamika."

"Tena?"

"Mara ya nane. Safari hii nakulalamikia wewe."

Akazitandaza zile tano juu ya ile karatasi ya kusaini, makusudi, mpaka haikuonekana. Akaeleza. Mzee huyu akieleza jambo huwa haendi mbio. Alianza na herufi kumi na tatu, akaja kwenye kup, akaja kwenye sita na saba, na kila meneja alipofungua kinywa aliinua kidole kama alivyowainulia abiria wasio na tiketi. Alipofika kwenye kioo, sauti ilitoka kwenye kreti.

"Yanaonekana mara mbili," binti alisema, bado anatazama ukuta. "Nilidhani mashine imerudia. Wiki ya kwanza nilikuuliza, meneja. Ukaniambia gusa lolote, bei ni moja."

Feni ilizunguka. Meneja alitoa leso.

"Hizi ni karatasi tano tu, mzee. Tano haziwezi kuwa tisini na nne."

"Ningekuwa nazo nyingi. Nyingine nimeziharibu mwenyewe kwa kujiona najua." Hilo lilimtoka kwa shida, alilimeza mara ya kwanza, akalirudia ili lisikike. "Mimi ndiye niliyepaswa kuliona. Watu wananijua kwa kazi hiyo. Sikuliona kwa sababu halikuniibia mimi. Sasa tuache karatasi. Mafuta ya kupaka umeyahesabu?"

"Vipodozi vinahesabiwa mwezi ujao."

"Tutembee hadi mwezi ujao, basi. Uko safu ya nne, mkono wa kulia."

Wakaenda wote watatu. Meneja alihesabu rafu, akahesabu stoo, akahesabu tena huku midomo ikimcheza, na kijasho chembamba kilimtoka kabla hajamaliza. Kwa hesabu ya mashine, mafuta ya kupaka yalikuwa yamenunuliwa na mji mzima. Kwa hesabu ya macho, yalikuwa yamejaa tele na vumbi lake. Zilizidi chupa tisini na moja.

"Bado tatu," meneja alisema haraka, kama aliyepata kamba ya kushika.

"Tatu zilipasuka siku uliposhusha boksi mwenyewe," binti alisema. "Mimi ndiye niliyepiga deki."

Meneja alisimama pale na leso yake. Si mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka tu, na haraka yake nusura imle mtoto wa watu. Alikwenda ofisini, akarudi na ile karatasi, akaichana mbele yao, akasema pole mara tatu, na mara ya tatu ilikuwa ya kweli. Akamwambia binti kaunta yake inamngoja.

Binti hakwenda kaunta. Alibaki safu ya nne, kati ya mafuta na sabuni, akimtazama mzee. Macho yalikuwa yamemvimba. Mzee alikuwa tayari ameandaa mzaha mdogo wa kurudisha mambo mahali pake, kitu kuhusu jinai na madai, na alikuwa anauvuta mdomoni.

"Babu," binti alisema, "meneja alipokwambia nimeiba, uliamini?"

Angeweza kusema hapana. Duka zima lingemwamini. Alikuwa ndiye shujaa wa asubuhi hiyo, na shujaa husamehewa uongo mdogo.

"Niliamini," mzee alisema. "Kutwa nzima ya Jumamosi. Na kabla ya hapo, mjukuu wangu, nilikuwa nimekwisha kukusema. Nilikaa kwa kinyozi, nikawaambia keshia wa namba mbili ana mkono mrefu. Nilitaka wacheke. Walicheka."

Mtu mmoja alipita katikati yao na toroli, akaomba njia, akapewa.

"Kinyozi yupi?"

"Wa karibu na posta."

"Mama yangu anapita pale kila siku kwenda kazini," binti alisema. Akajifuta uso kwa kiganja, akaweka sawa kola ya gauni. "Mimi ya meneja yameisha, babu. Yako bado. Nenda kwa kinyozi."

Akaenda. Kutoka njia panda hadi posta ni mwendo wa dakika kumi, na goti la mzee nalo si changa, lakini hakusimama. Nywele zake zilikuwa zimenyolewa siku nne tu nyuma. Kinyozi alipomwona aliangua kicheko, akauliza ananyoa nini, masikio? Watu watano walikuwa kwenye benchi wakingoja zamu. Mzee Toboa hakukaa. Alimwomba kinyozi azime mashine, na ilipozimika alivua kofia.

"Wiki tatu zilizopita," alisema, "nilikaa kwenye kiti hicho nikawaambia neno juu ya binti wa pale dukani. Nilisema ana mkono mrefu. Ulikuwa uongo. Hajawahi kuchukua kitu cha mtu, na sikuwa na sababu ya kulisema ila nilitaka mnicheke vizuri."

Hakuna aliyecheka. Kinyozi aliitazama mashine mkononi mwake kama aliyesahau ni ya nini. Hapo pazia la mlangoni likafunguka, mtu wa sita akaingia, akasalimia, akatafuta nafasi kwenye benchi. Mzee alingoja akae vizuri. Kisha akaanza upya.